Maisha ya Euclid, Mwalimu wa Alexandria

Mhariri wa gazeti letu ametutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufa. Wenzangu wamewachukua wafalme, mashujaa wa vita na washairi, nao wamepata mengi ya kusema. Mimi nimemchukua mtu ambaye habari za maisha yake hazijai kiganja. Jina lake ni Euclid, Mgiriki aliyefundisha hesabu katika mji wa Alexandria, nchi ya Misri, yapata miaka 2,300 iliyopita. Nimemchagua kwa sababu nina ugomvi naye, na ugomvi wenyewe ulianza nilipokuwa Kidato cha Pili.

Siku hiyo mwalimu wetu wa Hesabu alikuwa akitukumbusha Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani ile namba kubwa kuliko zote iwezayo kugawanya namba mbili pasipo baki. Nikanyosha mkono nikauliza nitapata faida gani nikikijua kigawo hicho. Sikukusudia utundu. Mama yangu hununua sare zangu, nauli na mahitaji ya bweni kwa kuuza ndizi na maharage sokoni, na nyumbani kwetu kila kitu huulizwa kitaleta nini. Mwalimu hakukasirika. Alitusimulia tu kwamba kijana mmoja alipokwisha kujifunza kwa Euclid hoja ya kwanza ya jiometri, alimwuliza atapata nini kwa kujifunza mambo yale. Euclid akamwita mtumwa wake, akamwagiza ampe kijana yule oboli tatu, kwa kuwa lazima apate faida kwa kila ajifunzalo.

Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Oboli Tatu, bwaloni, uwanjani, hata bwenini taa zikishazimwa. Jina lile lilinichoma, nami nikaazimia kumjua vizuri huyo bwana aliyenipatia.

Kwanza nilitafuta oboli ni nini. Ilikuwa sarafu ndogo ya fedha ya Wagiriki, na oboli sita zilifanya drakma moja. Katika mji wa Athens, oboli tatu ndizo alizolipwa mzee wa baraza kwa siku moja ya kusikiliza kesi mahakamani. Kwa hiyo kijana yule hakupewa fedha ya kuchezea. Alipewa posho ya siku nzima kwa hoja moja tu, na mimi naona hakupunjwa.

Sasa nieleze habari za Euclid mwenyewe. Mwaka wa 331 kabla ya Kristo, Alexander, mfalme wa Makedonia, aliuanzisha mji wa Alexandria penye pwani ya Misri, karibu na mahali mto Nile uingiapo baharini. Wasomaji wakumbuke kwamba mji huo uko katika bara letu hili la Afrika, na kwamba maji yatokayo Ziwa Victoria hupita Uganda, nchi mbili za Sudani na Misri hata yakaifikia bahari ile. Alexander alikufa mwaka wa 323, na majemadari wake wakagawana nchi alizoziteka. Misri ilimwangukia Ptolemy, naye akajitangaza mfalme mwaka wa 305. Mfalme huyu na mwanawe walipenda elimu. Katika siku zao palianzishwa Maktaba mashuhuri ya Alexandria, na wenye akili wakakusanyika pale kutoka pande zote za bahari.

Katika siku za huyo Ptolemy wa kwanza ndipo Euclid alipofundisha. Alizaliwa wapi? Hapakuandikwa. Baba yake alikuwa nani, alioa au hakuoa, alikufa akiwa na umri gani, hayo yote hayakuandikwa na mtu yeyote wa wakati wake. Hata picha zake tunazoziona vitabuni, za mzee mwenye ndevu na bikari mkononi, zilichorwa na watu ambao hawakumwona. Habari kidogo tulizo nazo zimetoka kwa Proclus, mwalimu Mgiriki aliyeishi karne ya tano baada ya Kristo, yaani miaka mia saba na zaidi baadaye. Ni kama mimi leo niandike habari za mtu aliyeishi Kilwa kabla Ibn Battuta hajapita pale mwaka wa 1331, nami sina ila masimulizi niliyoyasikia.

Proclus anasimulia kwamba mfalme Ptolemy alimwuliza Euclid kama ipo njia fupi ya kuijua jiometri kuliko kile kitabu chake kirefu, naye Euclid akamjibu kwamba katika jiometri hakuna njia ya peke yake kwa ajili ya wafalme. Kisa hiki kinapendeza sana, na walimu hukipenda kuliko wanafunzi. Lakini kisa kama hicho hicho kinasimuliwa pia juu ya mwalimu mwingine, Menaechmus, na mfalme Alexander mwenyewe. Basi huenda ni hadithi iliyokuwa ikitembea, ikavikwa jina la kila mwalimu mkali. Kile kisa cha oboli nacho kiliandikwa na Stobaeus, aliyeishi karne hiyo hiyo ya tano.

Shahidi mwingine, Pappus wa Alexandria, aliyeishi karne ya nne baada ya Kristo, ananieleza mtu wa namna nyingine kabisa. Anasema Euclid alikuwa mpole, mwenye kumtakia mema kila mtu awezaye kuiendeleza hesabu japo kidogo, wala hakuwa mtu wa kujisifu. Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini nikafikiri. Je, mtu mpole namna hiyo angemwaibisha mwanafunzi mbele ya wenzake? Ama kisa cha oboli si cha kweli, ama Euclid alimpa kijana fedha kwa moyo mwema na wasimuliaji ndio waliokitia dhihaka. Mwalimu wetu alipoambiwa mawazo yangu alicheka, akasema sasa nimeanza kudai uthibitisho, na hiyo ndiyo tabia ya Euclid.

Habari zake zilikuwa chache kiasi hiki kwamba kwa muda mrefu watu walimchanganya na Euclid mwingine, mwanafalsafa wa mji wa Megara, aliyeishi karibu miaka mia kabla yake. Hata kitabu chake kilipopigwa chapa kwa Kiingereza mara ya kwanza, huko London mwaka wa 1570, jalada lilisema kimeandikwa na Euclid wa Megara. Masikini, mtu anaandika kitabu kinachosomwa dunia nzima, sifa anapewa mwingine!

Kitabu chenyewe Wagiriki walikiita Stoikheia, maana yake Misingi. Kina sehemu kumi na tatu na hoja 465. Si zote alizozivumbua yeye. Proclus anaeleza kwamba alizikusanya hoja nyingi za Eudoxus, akazikamilisha nyingi za Theaetetus, na yale waliyoyathibitisha wa kwanza kwa ulegevu akayapa uthibitisho usiotikisika. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzipanga, hata kila hoja ikasimama juu ya mabega ya zile zilizotangulia, na chini kabisa pakabaki mambo machache ambayo msomaji huombwa ayakubali.

Katika sehemu ya saba, hoja ya pili, ndipo nilipokutana na adui yangu wa zamani, Kigawo Kikubwa cha Shirika. Euclid hakuzungumza juu ya sakafu wala marumaru. Alizungumza juu ya namba kana kwamba ni vipande vya mistari, na namba moja kuipima nyingine. Lakini mwalimu wetu aliigeuza hoja hiyo kuwa sakafu, kwa sababu mwaka jana sakafu tulikuwa nayo kweli.

Chumba cha maktaba yetu kilikuwa na saruji iliyopasuka, vumbi likipanda juu ya vitabu kila tulipofagia. Wazazi wakachanga fedha za marumaru, na mama yangu naye akachanga. Mwalimu akanipa futi ya utepe mimi na mwenzangu mmoja, akatuagiza tupime. Tulipata urefu wa sentimita 780 na upana wa sentimita 570. Kisha akatuuliza: marumaru ya mraba iliyo kubwa kuliko zote, itakayoijaza sakafu hiyo pasipo kukatwa hata moja, ina upande wa sentimita ngapi? Dukani palikuwa na za sentimita 30, 40 na 60, na baadhi ya watu walikwisha kuzipenda za 40 kwa macho tu.

Njia ya Euclid ni hii. Katika sakafu ya 780 kwa 570, kata kwa mawazo mraba mkubwa wa 570 kwa 570. Kinachobaki ni ukanda wa 570 kwa 210. Marumaru yoyote inayoingia sawasawa katika 780 na katika 570, lazima iingie sawasawa katika tofauti yao pia, ambayo ni 210. Na marumaru inayoingia sawasawa katika 570 na 210, ukiziunganisha namba hizo, itaingia katika 780. Kwa hiyo swali la chumba kizima limekuwa swali la ule ukanda mdogo, na jibu ni lile lile! Hapo ndipo penye siri yote. Endelea: toa 210 mara mbili katika 570, inabaki 150. Toa 150 katika 210, inabaki 60. Toa 60 mara mbili katika 150, inabaki 30. Toa 30 mara mbili katika 60, habaki kitu. Jibu ni 30. Marumaru za sentimita 30 zitakwenda 26 kwa urefu na 19 kwa upana, jumla 494.

Mwenzangu alisema angelipata jibu hilo kwa kuzivunja namba katika vigawo vyake, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Ni kweli, maana 780 na 570 ni namba zenye huruma. Lakini mwalimu akamwandikia nyingine mbili ubaoni, 2,419 na 1,517, akamwambia avunje. Mwenzangu akajaribu 3, 7, 11, 13, 17, akatoka jasho. Mimi nikatoa tu: 2,419 ukitoa 1,517 ni 902. Katika 1,517 ukitoa 902 ni 615. Katika 902 ukitoa 615 ni 287. Katika 615 ukitoa 287 mara mbili ni 41. Na 41 inaingia katika 287 mara saba kamili. Basi jibu ni 41, na chaki haijaisha nusu. Mfaransa aitwaye Gabriel Lamé alithibitisha mwaka wa 1844 kwamba kwa njia hii hesabu za kugawanya hazizidi kamwe mara tano ya idadi ya tarakimu za namba ndogo. Namba yetu ndogo ina tarakimu nne, basi hazizidi ishirini. Sisi tulimaliza kwa tano.

Siku hiyo sikuitwa Oboli Tatu. Lakini nisijisifu, kwa maana furaha yangu haikudumu wiki mbili. Marumaru zilipoletwa, nilimwonyesha fundi karatasi yangu, nikamweleza kwamba hatahitaji kukata hata moja. Fundi akaisoma kwa adabu, kisha akaniuliza nafasi kati ya marumaru na marumaru nimeiweka wapi. Yeye huacha milimita tatu za kujaza saruji nyembamba. Katika safu ya marumaru 26 kuna nafasi 25, nazo ni milimita 75, yaani sentimita saba na nusu. Marumaru ya mwisho haina mahali pa kulala! Nikanyamaza. Fundi akaniambia mwanangu nisihuzunike, idadi yangu ni sawa, ila ile safu ya ukutani itabidi aipunguze kidogo, na ingekuwa zile za 40 angebaki na vipande vya kila namna.

Usiku ule nilirudi kwenye kitabu cha Euclid, ukurasa wa kwanza kabisa, mahali anapoeleza maana ya maneno yake. Mstari, anasema, ni urefu usio na upana. Nilikuwa nimeyapita maneno hayo mara nyingi nikiyaona ya bure. Kumbe alikuwa ameyasema mapema. Mistari ya fundi ina upana wa milimita tatu, na mistari ya Euclid haina. Sakafu yake haiko maktabani kwetu wala mahali pengine popote duniani, na pengine ndiyo sababu hoja zake hazijaoza.

Tena kuna jambo lingine katika sehemu ya kumi ambalo lilinikosesha usingizi. Chukua sakafu yenye upana wa mita moja, na urefu wake uwe sawa na ulalo wa mraba wa mita moja. Kata mraba wa mita moja, unabaki ukanda. Katika ukanda huo kata miraba miwili, unabaki ukanda mdogo wenye umbo lile lile la kwanza. Kata tena miwili, unabaki mwingine wa umbo lile lile, na hivyo hivyo daima. Mimi na mwenzangu tulijaribu kwa karatasi na mkasi, na kwenye ukanda wa nne mkasi ulishindwa. Euclid anathibitisha kwamba ikiwa kutoa hakukomi, basi hakuna kipimo cha shirika. Sakafu ile haina marumaru yake, hata ungeisaga ndogo kama punje ya mchanga. Fundi nilipomweleza alikataa katakata, akasema hajaiona sakafu isiyowekeka.

Euclid alipokufa kitabu chake kilibaki mikononi mwa wanakili, nao ndio ninaowastaajabia. Karne ya nne baada ya Kristo, Theon wa Alexandria, baba yake Hypatia yule mwanamke mwanahesabu, alikitengeneza upya kwa wanafunzi wake. Katika siku za khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala Baghdad tangu 786 hata 809, al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar alikifasiri kwa Kiarabu, na baadaye Ishaq bin Hunayn akakifasiri tena, Thabit bin Qurra akaisahihisha kazi yake. Kutoka Kiarabu, Mwingereza Adelard wa mji wa Bath alikitia katika Kilatini karne ya 12. Wazungu wengi wa siku zile walimsoma Mgiriki huyo wa Afrika kwa msaada wa Waarabu. Kikapigwa chapa mara ya kwanza huko Venice mwaka wa 1482, na tangu hapo hakijakoma. Siku hizi ile kazi ya kutoa na kutoa hufanywa na kompyuta kwa namba zenye mamia ya tarakimu, wakati wa kutengeneza funguo za kuficha habari za siri zinazopita hewani.

Lakini ugomvi wangu na Euclid haujaisha. Watu wakisimulia kisa cha oboli humcheka kijana, humsifu mwalimu, kisha hukoma hapo. Hakuna amwulizaye yule mtumwa. Yeye ndiye aliyetumwa kuleta fedha, naye hakupewa nafasi ya kujifunza hata hoja ya kwanza, wala ya kuuliza faida. Na kijana je, alizipokea oboli zile akaenda zake, au alizirudisha akaketi kujifunza hoja ya pili? Stobaeus hasemi.

Maktaba yetu ilikwisha kabla ya likizo ya Desemba. Siku ya mwisho fundi alipokuwa akikusanya vyombo vyake, aliniita, akaniuliza shule imenilipa shilingi ngapi kwa kupima. Nikamwambia sikulipwa kitu. Akaingiza mkono mfukoni akanipa sarafu ya shilingi mia tano, akasema kazi ni kazi. Nilisimama nayo kidogo, nikitazama pande zote kama kuna wa darasa letu. Walikuwapo, mlangoni, watatu, na wote wameona. Tukaenda kununua maandazi.